Mkono Uliopima Maji

Amefariki mama mmoja ambaye wengi wenu hamkumjua, na mimi mwenyewe nilimjua kwa vipande tu, ndani ya miaka minne. Taarifa ilinikuta asubuhi nikiwa nimesimama kwa fundi viatu hapa Shinyanga mjini, mguu mmoja peku. Binti yake ndiye aliyepiga simu. Alinisalimia taratibu, akauliza habari za kazi, akauliza habari za mama yangu, na mimi nikajibu zote kwamba ni nzuri, ndipo akasema, "Dada, Mayu hatunaye. Tunazika kesho nyumbani." Nyumbani ni kijiji kimoja mbele ya Mhunze, kule Kishapu, ambako mama huyo alizaliwa na kulima pamba kabla hajaenda kutafuta dhahabu. Mayu kwa Kisukuma ni mama. Pale nilipomfahamia, watu wote walimwita hivyo, hata wanaume waliomzidi umri, na hivyo ndivyo nitakavyomwita hapa. Jina lake halisi ni la familia yake, sikuliombea ruhusa.

Alikufa kwa saratani ya kibofu cha mkojo. Nimeandika sentensi hiyo, nikaifuta, nikairudisha. Nimezoea kuizungukia sentensi ya namna hiyo, kuiwekea "huenda" mbele na "kwa kiasi fulani" nyuma, na wasomaji wa safu hii mmeshaniandikia mara kadhaa kulalamika kwamba mkifika mwisho hamjui nimesema nini. Leo nitajitahidi, kwa sababu jambo ninalotaka kulieleza linahusu hasa kosa hilo.

Nilikutana na Mayu mwaka nilipomaliza chuo. Nilikuwa nimesomea maabara, nikapata kazi ya mkataba ya miezi michache katika kikundi kilichokuwa kinazunguka shule za msingi upande wa Kahama na mpaka ndani ya mkoa wa Geita, kugawa dawa za kichocho. Kazi yangu ilikuwa kushika fimbo ya kupimia. Ni mti mrefu uliochorwa mistari; mtoto anasimama ameunyooshea mgongo, unaangalia kichwa chake kimefika mstari gani, na mstari huo unakuambia umpe vidonge vingapi. Shule mojawapo ilikuwa jirani na mwalo, yaani mahali ambapo mawe yaliyokwisha kusagwa na mashine za karasha hupelekwa kuoshwa ili dhahabu ibaki. Mwalo huo ulitegemea lambo, bwawa la kuchimbwa ambalo zamani lilikuwa la kunyweshea ng'ombe tu. Nilipokuja mimi, ng'ombe walikuwa bado wanakunywa upande mmoja, na upande wa pili wanawake wamesimama maji yakiwafika magotini, wanazungusha makarai tangu asubuhi. Tulikuwa tunakaa pale jirani kwa wiki kadhaa, na maji ya kufulia na kuogea tulichota humo humo, kwa sababu hapakuwa na mengine.

Wiki ya kwanza sikuona kitu. Wiki ya tatu miguu na mikono ilianza kuniwasha kila nikitoka kufua, na ikifika mchana inatoka vipele vyekundu vidogo vidogo. Nilipowaonyesha wale kinamama walicheka kwa furaha kabisa, kama watu waliokuwa wakisubiri jambo hilo. Walinieleza kwamba maji ya lambo humuwasha mgeni. Anayekimbia ataendelea kuwashwa, anayevumilia na kurudi kesho na keshokutwa, maji humzoea, na siku moja humwacha kabisa. Wenyewe waliwashwa zamani, wakiwa watoto. Sasa wanashinda humo kutwa na hawahisi neno. Kijana mmoja aliyekuwa akiendesha karasha alipita na ndoo yake akaangalia mikono yangu, akasema, "Ngozi ya bomba hiyo." Tangu siku ile wakanipa jina hilo, la mtu aliyezoea maji ya mjini. Dada Bomba amekuja, Dada Bomba leo amekunwa na nani. Mimi nilicheka nao, kisha nikakaa chumbani nikifikiria walichosema, maana kilikuwa kinakaribia sana ukweli na kuupindua.

Kichocho huanzia kwa konokono wadogo wanaokaa kwenye maji yaliyotulia. Kutoka kwao hutoka vimelea visivyoonekana kwa macho, ambavyo huogelea vikitafuta ngozi ya mtu, na vikiipata hupenya ndani ya dakika chache. Ngozi nayo haikai tu kama ganda. Ina walinzi wake, na walinzi hao wakishamjua mvamizi, akija tena hupiga kelele: damu inakimbilia pale, panavimba, panawasha, panatoka vipele. Mwasho ni hiyo kelele. Ndiyo maana mimi sikuwashwa wiki ya kwanza, nikawashwa ya tatu. Lakini ngozi ya mtu anayevamiwa kila siku tangu utotoni haiwezi kupiga kelele kila siku mpaka uzeeni, kwa sababu kelele hiyo inaunguza, na ikiendelea bila kikomo ngozi itajiharibu yenyewe. Basi mwili wa mtu huyo mara nyingi hujifunza kuituliza. Walinzi bado wapo, ila wamefundishwa kunyamaza. Wataalamu wanaendelea kubishana jinsi jambo hili linavyotokea, na haliko sawa kwa kila mtu. Lakini vimelea havijaacha kupita. Vinapita, vinakua, vinakwenda kukaa kwenye mishipa ya damu karibu na kibofu, vinataga mayai miaka nenda miaka rudi, na yale mayai yasiyotoka na mkojo yanabaki kwenye nyama ya kibofu na kuiacha na makovu.

Hayo nilikuwa nayajua vizuri, nilikuwa nimeyafanyia mtihani. Nikaona itakuwa kosa kuondoka bila kuwaeleza. Nikapanga jaribio. Nilifikiria sana namna ya kulifanya ili mtu asiyesoma aone kwa macho, na nilipopata wazo nililipenda mno. Mchana mmoja, watu wakiwa wamepumzika kula, niliomba makarai mawili, nikayajaza maji ya lambo kutoka mahali pamoja, nikaomba mtu mmoja aliyekulia kwenye malambo aketi nami. Mayu akajitokeza. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mabega ya mtu aliyebeba ndoo maisha yote, na alikuwa na tabia ya kumaliza kucheka kabla wengine hawajaanza. Akakunja mkono wa gauni lake, tukaingiza mikono yetu, kila mmoja karai lake, mpaka kwenye kiwiko. Tukakaa hivyo muda wa kunywa chai kikombe kizima na kuongezewa. Kisha tukatoa mikono, tukaiacha ikauke juani, tukasubiri.

Wangu ulianza kuwasha hata kabla mashine za karasha hazijarudi kazini. Baada ya saa chache ulikuwa na madoa kama mtu aliyeumwa na siafu. Wa Mayu ulikuwa laini, hauna hata alama. Nilifurahi. Nawaambieni ukweli, nilifurahi kama mtu ambaye hesabu yake imetoka sawa mbele ya darasa. Nikasimama nikawaambia: maji ni yale yale, vidudu ni vile vile, vimeingia kwangu na vimeingia kwake, tofauti ni kwamba ngozi yangu imelia na yake imekaa kimya. Nikaona vichwa vinatikisika kukubali. Mwenye mwalo, mzee wa makamo aliyevaa kofia ya sufu hata kwenye jua, akaushika mkono wa Mayu, akauinua juu kama wa bondia.

"Kwa hiyo Mayu ameshinda," alisema.

Watu wakapiga makofi. Nikasema hapana, hapana, siyo hivyo, nikaanza kueleza upya. Mayu mwenyewe akaniuliza swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa chuoni: hivyo vidudu vikishamwingia mtu kama yeye, vinakwenda kufanya nini. Swali lile lilikuwa na jibu la maneno matano. Mimi nikakumbuka kwamba kwenye lambo la ng'ombe kuna pia vimelea vya ng'ombe, ambavyo huwasha sana ngozi ya mtu lakini hufia humo humo bila kufika mbali, na kwamba kwa haki kabisa sikuwa na hakika vipele vyangu vilitokana na vimelea vya aina gani. Nikaona nitakuwa nadanganya nisipolisema. Nikalisema. Nikaeleza vya ng'ombe, nikaeleza vya watu, nikaeleza kwamba inategemea umri, inategemea mtu ameingia majini mara ngapi, kwamba bila vipimo hatuwezi kujua. Niliposhusha pumzi, kila mtu alikuwa amechukua kipande chake. Wengi walikuwa wamechukua kile cha vidudu kufia kwenye ngozi.

Jioni hiyo, kabla jua halijazama, Mayu aliniita nyuma ya lundo la marudio, yale mabaki ya mchanga uliokwisha kuoshwa. Aliangalia kushoto na kulia, akaniambia kwamba tangu masika ya mwaka uliopita anakojoa mkojo mwekundu. Hauumi sana. Unakuja, unaacha, unarudi. Alidhani ni kazi, maana kuinama na karai kutwa kunaumiza kiuno. Wanawe wa kiume walikuwa hivyo hivyo walipokuwa wadogo, na watu walimwambia ni kukua, wavulana wote wa pale hupitia. Kwa mwanamke hakujua aseme ni nini, na asingeweza kumwambia mwanamume. Nilijua ni nini, au nilijua kwa kiasi cha kutosha kumshika mkono na kumpeleka kituo cha afya kesho yake. Lakini sikuwa daktari, na tulikuwa tumeonywa mara nyingi tusijifanye madaktari. Basi nikamwambia inaweza kuwa kichocho, inaweza pia kuwa ugonjwa mwingine wa njia ya mkojo, inaweza kuwa mambo ya kike ya umri wake, ni vizuri apime. Nikamwandikia kwenye karatasi aombe kipimo gani. Dawa tulizokuwa nazo zilikuwa za wanafunzi, na yeye hakuwa mwanafunzi.

Aliikunja karatasi akaiweka kwenye kifundo cha kanga. Akasema, "Lakini mkono wangu si umeuona, binti?"

Nikamjibu nimeuona. Nilikuwa bado natafuta jinsi ya kuendelea pale dereva wetu alipopiga honi, nikaenda.

Miezi mingi baadaye nilipita tena mwalo huo na kikundi kingine, tukielekea Geita. Lambo la zamani lilikuwa limejaa tope, wakachimba mashimo mengine ya maji matatu au manne kuuzunguka mwalo. Nikakuta utaratibu mpya. Kila shimo jipya likijaa maji, hakuna anayeingia mpaka Mayu aitwe. Anakuja, anageuza ndoo anaikalia, anakunja mkono wa gauni, anauzamisha mkono wake mpaka kwenye kiwiko. Anakaa anapiga soga, anawatania vijana wa karasha, watu wamesimama wanamwangalia. Baada ya muda wa kikombe cha chai anautoa, anauzungusha mbele yao waone, anatamka kwamba maji hayana neno. Basi wanaingia, wanawake wenye mimba wanaingia, wasichana waliomaliza darasa la saba juzi wanaingia. Kwa heshima ya kazi hiyo yeye ndiye anayeosha karai la kwanza la kila shimo. Aliponiona alisimama akanionyesha kwa watu, akawaambia kwamba huyu binti ndiye aliyempima, ndiye aliyethibitisha. Watu wakaniamkia. Mtu mzima kunishinda akaniambia shikamoo.

Nilimfuata mwenye mwalo pembeni. Nikamwambia kwamba mkono ule haupimi kitu, kwamba kati ya watu wote pale, Mayu ndiye wa mwisho ambaye ngozi yake ingeweza kumwambia chochote. Alinisikiliza bila kukasirika. Akanieleza kuwa yeye anaelewa vizuri, ila watu walikuwa wanagombana kila shimo jipya, huyu anasema hapa pana mkosi, yule anasema pale pananuka, na mkono wa Mayu umemaliza ugomvi. Halafu akasema, "Dada, ukishawaambia haya mabaya, uwe umekuja na mazuri." Sikuwa nimekuja nayo. Nilirudi mjini nikaandika taarifa ndefu, kurasa sita, yenye vyanzo na tahadhari zote, nikaipeleka ofisini, nikashukuriwa. Mkataba ulipoisha nilihama kazi ile, nikaingia kwenye kuandika.

Nimekuwa nikijiuliza kwa nini wale watu, ambao ni wajanja kunizidi mara kumi kwenye mambo ya dhahabu, walikubali jambo lile kirahisi namna ile. Mtu wa mwalo anaweza kushika mchanga mkavu akakuambia umetoka upande gani wa kilima. Hadanganywi na jiwe linalong'aa. Lakini nadhani ukanda mzima wa dhahabu unaishi kwa kanuni ile ile ya maji. Anayefika leo anakohoa vumbi la karasha, macho yanamtoka machozi kwa moshi wa zebaki inayochomwa kwenye kijiko, kichwa kinamuuma kwa mlio wa mashine. Anaambiwa avumilie, atazoea. Akishazoea anahesabiwa kuwa mwenyeji, mtu wa kazi. Asiyezoea anarudi kwao na anachekwa. Nimehudhuria mkutano wa kijiji ambapo kiongozi aliuliza kama kuna malalamiko, watu wakanyamaza, akamgeukia katibu akamwambia aandike kwamba malalamiko hakuna. Katibu akaandika. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma nikikuna mkono, na hata mimi sikunyoosha.

Mara ya mwisho kumwona Mayu akiwa hai ilikuwa katika hospitali ya rufaa, mwaka huu. Binti yake aliipata namba yangu kwenye ile karatasi. Nilikuwa nimeiandika kwa nyuma, na Mayu alikuwa ameitunza miaka yote, imekunjwa vile vile, haijawahi kufika kituo cha afya. Alikuwa amekwisha kabisa. Yale mabega yalikuwa mifupa miwili chini ya shuka, na mpira wa mkojo ulitoka kitandani kwenda kwenye mfuko uliojaa kitu cha rangi ya chai ya rangi iliyokolea sana. Daktari alikuwa amewaeleza kwamba uvimbe umeshatoka nje ya kibofu. Nilikaa kwenye kiti. Nilimsalimia shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti ya kawaida, akaniuliza kama nimeolewa, nikasema bado, akasema afadhali. Kisha, kwa kuwa nilikuwa nimekaa na jambo lile miaka yote hiyo, nikamuuliza kwa nini hakwenda kupima.

Hakunilaumu. Alifikiri kidogo, kama mtu anayetafuta alipoweka kitu.

"Uliniambia maneno mengi, binti," alisema. "Sikujua nishike lipi. Nikashika lile nililoliona."

Alichokiona kilikuwa mkono wake ukiwa safi na wangu ukiwa na vipele. Nilikuwa nimemwonyesha mimi mwenyewe, mchana kweupe, mbele ya watu.

Nilisafiri kwenda kuzika. Ukitoka Mhunze barabara ni ya vumbi, mashamba yamekaa wazi, ng'ombe wamesimama kwenye mabua. Watu wa mwalo walikuja na gari dogo la mizigo, wanawake kama ishirini wamesimama nyuma wameshikana, na mwenye mwalo naye akiwa na kofia yake. Mchungaji alihubiri kwa Kisukuma na Kiswahili. Mama mmoja kati ya waliomwosha marehemu alikaa karibu nami kwenye mkeka, akanieleza kwa mshangao kwamba mwili wote ulikuwa umesinyaa, lakini ngozi ya mikono ilikuwa nzuri, haina kovu, haina kipele, ungedhani ni ya msichana. Alikuwa anamsifu. Alitaka nijue kwamba mpaka mwisho mikono yake ilikuwa mizima.

Tulipomaliza kula, binti yake alikuja akakaa kwenye mkeka huo. Ana miaka ishirini na minne, ana mtoto mgongoni. Nikamuuliza atakaa nyumbani au atarudi mwaloni. Akasema atarudi, shimo jipya limejaa tangu wiki iliyopita na watu wanamsubiri. Sikuelewa mara moja. Akafafanua kwamba mwenye mwalo ameona kazi ya Mayu aichukue yeye, binti yake, kwa kuwa naye amekulia majini na hajawahi kuwashwa tangu akiwa mdogo. Alisema hivyo kwa aibu kidogo, kama mtu aliyepandishwa cheo msibani.

Maneno yalianza kujipanga kichwani mwangu, yale yale, yenye ng'ombe na umri na vipimo. Niliyaacha yapite. Wanawake wa mwalo walikuwa wamekaa wote pale, na mwenye mwalo kwenye kiti nyuma yao.

"Maji yale yana kichocho," nilisema. "Ndiyo yaliyomuua mama yako. Na wewe yamekuingia."

Mama aliyemwosha marehemu aliacha kufunga kanga yake. Binti hakulia, alimgeuza mtoto kutoka mgongoni akampakata. Akauliza kama mtoto naye. Nikasema ikiwa unamwogesha kwa maji hayo, inawezekana kabisa, apimwe. Halafu wanawake wawili, mmoja baada ya mwingine, wakasema kwa sauti ya chini kwamba nao mkojo wao ni mwekundu. Wa tatu akasema wa kwake ulikuwa, ukaacha. Hawakuwa wamewahi kuambiana, na wanasimama kwenye shimo moja kila siku. Mwanamke mmoja mnene, mwenye sauti kavu, akaniuliza swali ambalo mwenye mwalo alikuwa ameshaniuliza kwa namna yake.

"Sasa tukaoshee wapi?"

Nikamjibu sijui. Sikuongeza kitu. Nilimwona mwenye mwalo ameinamisha kichwa. Bomba lililo karibu liko shuleni, na nusu ya mwaka halitoi maji. Wataendelea kuingia mashimoni, kesho na keshokutwa, kwa sababu wana watoto. Siwezi kuandika hapa kwamba mambo yamebadilika.

Wiki iliyofuata binti alinipigia tena. Walikuwa wamekwenda kituo cha afya, yeye na wenzake tisa, na saba wamekutwa na kichocho, na mtoto wake pia. Wamepewa dawa. Akasema dawa imewatesa: kichwa kimezunguka, tumbo limewauma, wawili wametapika njiani, na mwaloni sasa watu wanasema kwamba maji hayajawahi kumuumiza mtu, kilichowaumiza ni vidonge. Kuna waliokuwa wamepanga kwenda ambao wameahirisha. Akaniomba niandike yale niliyosema msibani, lakini yawe mafupi vile vile, yeye atawasomea. Nikaanza kumweleza kwamba gazetini kuna nafasi, ninaweza kufafanua vizuri zaidi, hata suala la dawa kwa nini inasumbua. Akanikata. "Hapana, dada. Mafupi."

Basi ndiyo haya. Nimejifunza kwa gharama ya maisha ya mtu mwingine kwamba anayejua jambo la hatari anadaiwa kwanza jibu, na maelezo yatamsubiri. Na kwamba mwili uliozoea kudhurika hauwezi kuwa shahidi wa usalama wa mtu yeyote, hata wake mwenyewe. Hayo ni ya wasomaji wangu. Yanayofuata ni ya kusomwa mwaloni, kwa sauti, mashine zikiwa zimezimwa.

Maji yasiyokuwasha yanaweza kuwa na kichocho. Mkono wa mtu haupimi maji. Mkojo mwekundu ni ugonjwa, kwa mwanamke, kwa mwanamume na kwa mtoto. Nenda ukapimwe wiki hii. Vidonge vitakusumbua siku moja, vimeze. Ukirudi majini utaambukizwa tena, kwa hiyo utapima tena. Mayu hakupima.